Ukiugua ukashindwa kufanya kazi, nani atalipa mkopo wa nyumba?

Songea. Bima inayokuja pamoja na mkopo wa nyumba kwa kawaida hulipa katika mambo mawili tu: mkopaji akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu unaomwondoa kabisa kwenye kazi. Kuugua miezi minane, ukapasuliwa, ukapona na kurudi kazini, mara nyingi hakumo.

Wakopaji wengi hawalijui hilo siku ya kusaini. Wanaona kwenye makato kuna mstari umeandikwa "bima", wanaamini wamekingwa kwa kila kitu. Ukweli unajulikana baadaye, mtu akiwa kitandani na ujumbe wa benki unaingia kwenye simu kukumbusha tarehe ya rejesho.

Kabla ya kuangalia bima zenyewe, ni vizuri kutenganisha mikopo ya aina mbili ambayo watu wa Songea huiita kwa jina moja. Upo mkopo wa nyumba halisi, ambao dhamana yake ni hati ya nyumba au kiwanja, unaweza kufika miaka 15 au hata 25, na riba yake kwa miaka ya karibuni imekuwa mara nyingi kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Halafu upo mkopo wa mshahara, ambao mwalimu au muuguzi anauchukua kisha anaenda kumalizia ukuta Mshangano au kupaua Ruhuwiko. Wa pili unakatwa juu kwa juu kwenye mshahara. Nyumba haiko rehani moja kwa moja, lakini mshahara ukiyumba, mkopo nao unayumba.

Yote miwili huwa na bima. Na yote miwili huwa na pengo lilelile.

Siku 126 za sheria

Ulinzi wa kwanza wa mtu aliyeajiriwa hautoki kwenye kampuni ya bima. Unatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 32 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya angalau siku 126: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Kuna mambo mawili hapa yanayosahaulika. Kwanza, siku hizo 126 ni za mzunguko wa miezi 36, si za kila mwaka. Aliyetumia siku 50 mwaka jana kwa ajili ya mguu uliovunjika, mwaka huu amebakiwa na 76. Pili, mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hana cheti cha daktari. Kwa hiyo kila karatasi ya hospitali, iwe ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Peramiho, itunzwe na nakala ifike kwa mwajiri mapema. Watumishi wa umma wana kanuni zao za utumishi pia, na afisa utumishi ndiye wa kuulizwa siku zimebaki ngapi.

Chukua mfano wa hesabu. Mfanyakazi wa kampuni binafsi analipwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Amekopa shilingi 40,000,000 kwa miaka 15, riba asilimia 16. Rejesho lake ni kama shilingi 587,000 kila mwezi.

Akiwa mzima, baada ya kukatwa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mapato, anabaki na kama 1,117,000. Akilipa benki, zinabaki 530,000 za chakula, ada na nauli. Anabana lakini anaishi.

Akiingia kwenye nusu mshahara, mkononi inafika kama 624,000. Toa rejesho. Zinabaki 37,000 kwa mwezi mzima, na humo ndani kuna mgonjwa.

Siku ya 127 hakuna kitu kabisa. Akiugua miezi minane na mwajiri akamvumilia, karibu miezi minne kati ya hiyo itakuwa bila mshahara. Marejesho manne ni kama shilingi 2,350,000.

Namba hiyo ya mwisho inafaa kuangaliwa mara mbili. Pengo la ugonjwa wa miezi kadhaa si milioni 40. Ni milioni mbili na kitu, pamoja na gharama za nyumbani. Ni pengo ambalo akiba inaweza kuliziba. Ugonjwa unaomwondoa mtu kazini moja kwa moja, au unaomla miaka miwili, ndio unaohitaji bima, kwa sababu hakuna akiba ya kawaida itakayoufikia.

Bima ya mkopo: inamlinda nani?

Hii ndiyo ile ambayo benki huidai. Ada yake hukatwa mara moja mkopo unapotoka, au huongezwa kwenye mkopo wenyewe na kutozwa riba pamoja nao, au hulipwa kila mwaka. Kiasi kinacholindwa hushuka kadiri deni linavyoshuka. Likitokea lililoandikwa kwenye mkataba, kampuni ya bima inailipa benki na deni linafutwa. Familia inabaki na nyumba, haipati fedha taslimu.

Kwa kifo, bima hii ni nzuri na haina maneno mengi. Mjane au mgane haachiwi deni, na hati inarudi nyumbani.

Kwa ugonjwa, kila kitu kiko kwenye maneno "ulemavu wa kudumu na wa jumla". Kudumu maana yake madaktari wanathibitisha kwamba hali haitarudi kuwa kama zamani. Jumla maana yake, kwa mikataba mingi, mtu hawezi kufanya kazi yake wala kazi nyingine inayolingana na elimu na uzoefu wake. Fundi umeme aliyepata kiharusi na kupoteza nguvu ya mkono wa kulia anaweza kujikuta akiambiwa kwamba bado anaweza kukaa dukani. Tofauti kati ya mkataba unaosema "kazi yake" na ule unaosema "kazi yoyote" ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ada.

Maswali ya kumuuliza afisa mikopo ni mafupi: Je, nikiugua miezi sita bila kufa wala kulemaa, bima hii inalipa chochote? Je, nikiongeza mkopo, bima inaongezeka? Je, nikimaliza deni mapema, sehemu ya ada niliyolipa inarudi? Majibu yatolewe kwa maandishi, na mkopaji aombe nakala ya mkataba wa bima wenyewe. Mara nyingi anapewa mkataba wa mkopo tu, wa bima unabaki benki.

Afisa huyo huenda pia ndiye anayeuza bima. Benki nyingi nchini sasa ni mawakala wa bima kwa leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na wakala hulipwa kamisheni. Si kosa. Ni jambo la kulijua tu unapoambiwa kwamba bima fulani "ni lazima".

Bima ya magonjwa makubwa

Aina hii ndiyo iliyo karibu zaidi na tatizo lenyewe. Mtu akithibitika kuwa na mojawapo ya magonjwa yaliyoorodheshwa, analipwa kiasi kizima kwa mkupuo, awe amelazwa au hajalazwa. Fedha ni zake. Anaweza kulipa benki mwaka mzima, anaweza kupanga chumba Dar es Salaam wakati wa matibabu.

Bima hii ilizaliwa Afrika. Mwaka 1983, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, Marius Barnard, alishirikiana na kampuni ya bima kuianzisha, baada ya kuona wagonjwa wake wanapona ugonjwa lakini wanafilisika. Ndugu yake, Christiaan Barnard, ndiye aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967.

Kwa Tanzania, kinga hii mara nyingi haiuzwi peke yake. Huwekwa kama nyongeza juu ya bima ya maisha, kwa ada ya ziada. Kampuni zinazofanya bima za maisha ndizo za kuulizwa, kuanzia Shirika la Bima la Taifa (NIC) hadi kampuni binafsi kama Jubilee Life na Alliance Life. Si kila moja ina nyongeza hiyo, na bei hupangwa kwa umri, afya, uvutaji sigara na kiasi kinachotakiwa.

Orodha za magonjwa hufanana: saratani, shambulio la moyo, kiharusi, figo kushindwa kufanya kazi, upandikizaji wa kiungo kikubwa. Shida iko kwenye tafsiri. Saratani iliyogunduliwa mapema sana, ikiwa bado haijasambaa, mikataba mingi haiilipi au inalipa sehemu. Kiharusi kinatakiwa kiwe kimeacha athari inayoonekana baada ya muda uliotajwa. Kuna kipindi cha kusubiri tangu kununua, ambacho ukiugua ndani yake hulipwi. Na mikataba mingi inataka mgonjwa awe hai siku kadhaa baada ya kugundulika ndipo ilipe.

Kifua kikuu, mgongo na magonjwa ya akili huwa hayamo kwenye orodha. Haya nayo yanaweza kumweka mtu nyumbani miezi mingi. Kwa hiyo hata bima hii nzuri haifuniki kila kitu.

Kwa mkazi wa Songea kuna sababu ya ziada ya kuifikiria. Matibabu makubwa hayako karibu. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi anaweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Mionzi hutolewa kwa vipindi, mara nyingi siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Huwezi kwenda na kurudi. Hata mwenye nguvu za kufanya kazi analazimika kuiacha kazi, na anayemsindikiza naye anaacha ya kwake.

Ajali siyo ugonjwa

Hapa watu huumia. Bima ya ajali binafsi ni rahisi, inauzwa kila mahali, na fomu yake ina maneno kama "kushindwa kufanya kazi kwa muda" na "malipo ya kila wiki". Mtu anaisoma haraka, anaona tatizo lake limepata dawa.

Inalipa kwa ajali pekee. Pikipiki ikikugonga Bombambili, italipa. Sukari ikipanda ukapoteza mguu, hailipi, kwa sababu chanzo ni ugonjwa.

Bima nyingine inayochanganya ni ya kulazwa, zikiwemo bima ndogo zinazouzwa kupitia simu. Hutoa kiasi fulani kwa kila usiku mgonjwa akiwa wodini. Ni msaada wa nauli na uji, si wa rejesho la laki tano. Isitoshe, wagonjwa wengi hulazwa siku chache na kuuguzwa nyumbani miezi.

Bima ya afya, iwe ya NHIF au ya kampuni binafsi, hailipi benki hata shilingi moja. Lakini bila hiyo, akiba iliyokuwa ya rejesho inaishia dirisha la dawa. Asiye na bima ya afya aanze na hiyo kabla ya kununua nyingine yoyote.

Kinachopatikana kupitia kazi

Waajiri wengine hununua bima ya kundi kwa wafanyakazi wote. Mara nyingi ni ya maisha, na ndani yake kunaweza kuwa na ulemavu au magonjwa makubwa. Wapo wafanyakazi wanaokaa nayo miaka bila kujua. Swali moja kwa ofisi ya rasilimali watu linatosha. Tahadhari yake ni kwamba ukiacha kazi, kinga inaisha siku hiyo hiyo, wakati mkopo umebakiza miaka 11.

Ugonjwa uliosababishwa na kazi ni habari nyingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa mfanyakazi aliyeshindwa kabisa kufanya kazi kwa muda, hadi miezi 24. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Kwa mfano wetu wa juu, asilimia 70 ni shilingi 1,050,000 kwa mwezi, inayotosha kulipa benki na kubakiza kitu. Sharti ni moja: uhusiano na kazi uthibitike. Mfanyakazi aliyeumia mapafu kwa vumbi la kazini anastahili kudai. Malaria ya kawaida haihusiki.

NSSF kwa sekta binafsi, na PSSSF kwa watumishi wa umma tangu Agosti 2018, zina pensheni ya ulemavu kwa mwanachama aliyepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kupata kipato, kwa uthibitisho wa madaktari na kwa masharti ya muda wa kuchangia. Ni ya kudumu na ni ya maana. Ila ni kwa ulemavu, si kwa miezi sita ya kuugua, na haijapangwa kulingana na rejesho la mtu.

Aliyejiajiri hana siku hata moja

Mnunuzi wa mahindi anayezunguka Namtumbo na Madaba, mwenye duka la vipuri Mfaranyaki, mama wa mgahawa karibu na stendi: hawa hawana siku 63, hawana WCF, na wengi hawana mfuko wa pensheni. Akilala yeye, biashara imelala. Benki humkopesha kwa dhamana ya nyumba, na bima ya mkopo anayopewa ni ileile ya kifo na ulemavu.

Kwake yeye mpangilio unabadilika. Akiba ya marejesho inabidi iwe kubwa zaidi, miezi sita badala ya mitatu. Kwa rejesho la 587,000 hiyo ni kama shilingi 3,520,000, kiasi ambacho msimu mmoja mzuri wa mahindi unaweza kukianzisha. Ikae kwenye akaunti tofauti au kwenye SACCOS, mbali na mtaji. Kujiandikisha NSSF kwa hiari kunampa angalau mlango wa pensheni ya ulemavu. Bima ya magonjwa makubwa ina uzito zaidi kwake kuliko kwa mtumishi wa umma, na nayo huwa ngumu kuipata kwa sababu ya vipimo na maswali ya kipato. Aanze kuitafuta akiwa kijana na mzima. Akishapata presha, bei inapanda au anakataliwa.

Jambo moja linalofanyika VICOBA linafaa kutajwa. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa misiba na ugonjwa. Hautalipa mkopo wa benki, lakini hulipa haraka kuliko kampuni yoyote ya bima, na mara nyingi wiki tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu ataanza kuuza vitu vya ndani.

Fomu ijazwe kwa ukweli

Bima ya maisha na ya magonjwa huuliza historia ya afya. Mtu anaficha kisukari kwa kuogopa ada, au wakala anamwambia "weka hapana tu, twende haraka". Siku ya madai kampuni inaomba faili la hospitali, inakuta dawa za kisukari za miaka minne, inakataa kulipa. Kisheria inaweza, kwa kuwa mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili.

Ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba kwa kawaida haulipwi, au unalipwa baada ya muda. Bora kulijua hilo siku ya kusaini. Inawezekana mtu akakuta bima anayouziwa haimfai kabisa, na hapo jibu sahihi ni kutonunua.

Uingereza walijifunza hili kwa gharama kubwa. Benki za huko ziliuza mamilioni ya bima za kulinda marejesho ya mikopo, nyingi kwa watu waliojiajiri au waliokuwa tayari wagonjwa, ambao kwa masharti yaliyoandikwa wasingeweza kudai kamwe. Wengine hawakujua hata kama wameuziwa. Benki ziliamriwa kurudisha fedha, na hadi zoezi linafungwa zilikuwa zimelipa zaidi ya pauni bilioni 38. Tarehe ya mwisho ya kulalamika ilikuwa Agosti 29, 2019.

Ugonjwa ukishaingia

Wa kwanza kujulishwa ni mwajiri, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni benki. Mikataba ya bima huwa na muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa kunampa mlipaji sababu.

Benki iendewe kabla rejesho la kwanza halijakwama. Mkopo unaolipwa vizuri unaweza kupangwa upya: muda kurefushwa, rejesho kushushwa, au kulipa riba tu kwa miezi kadhaa. Deni likipita siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, taarifa inaingia kwenye kumbukumbu za mikopo, na afisa wa tawi hana tena nafasi kubwa ya kusaidia. Barua iandikwe, iambatishwe cheti cha daktari, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ikifika hatua mbaya, Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji kutoa notisi ya maandishi, na siku 60 zipite, kabla hajauza nyumba iliyowekwa rehani. Simu ya dalali siyo notisi. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kwa hiyo mume au mke aliyesaini naye ana haki ya kujua bima inasema nini, wala asingoje mpaka mwenzake awe hoi ndipo aanze kutafuta karatasi kabatini.

Madai ya bima yakikataliwa, kampuni itoe sababu kwa maandishi. Mlalamikaji asiporidhika anaweza kwenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kama tatizo ni benki yenyewe, mfano makato ya bima ambayo hakuelezwa, malalamiko yaanzie tawini, kisha yapelekwe Benki Kuu, ambayo kanuni zake za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja gharama zote kabla hajasaini.